Mota Waliokuja Kumposa Mwanamkasi

Usiku wa jana niliota mota wa Kupaza amekuja nyumbani kwangu kumposa Mwanamkasi, kavaa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, na mimi, mjinga mie, nikamvutia kiti.

Kabla sijafika mbali nieleze Mwanamkasi ni nani, isije ikadhaniwa ni binti yangu. Binti yangu ni Chiku, yuko kwa mumewe Korogwe, salama salimini. Mwanamkasi ni mashine ya kukereza vyuma. Nimeiunda kwa mikono yangu uani, hapa Muheza, kwa vyuma chakavu na ubishi. Kitanda chake ni kipande cha reli. Kisu chake kinaongozwa na kompyuta ya zamani niliyopewa na mpwa wangu. Nimeipa jina la marehemu shangazi, ambaye alikuwa hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa anafikiri kwanza. Kila kitu kimekamilika isipokuwa kimoja: mota ya kuzungusha ule mhimili wa mbele wenye taya tatu zinazoshika chuma. Bila mota hiyo, Mwanamkasi ni meza nzito iliyofunikwa khanga.

Kupaza naye ni fundi mwenzangu, karakana yake iko ng'ambo ya barabara, tunaonana kila mtu akifungua mlango wake. Tulianza kuunda mashine zetu wiki moja. Yake inazunguka. Ameifunga mota ya servo, ile aina yenye jicho nyuma, jicho linaloiambia kompyuta kila wakati mhimili umefika wapi, na bila habari hiyo huwezi kuchonga meno ya skrubu yakalingana. Juzi mke wangu Mwanaidi alimpelekea suruali aliyomshonea, akarudi kachangamka kama katoka harusini.

"Baba Chiku, we! Mashine ya Kupaza inamenya chuma kama mtu anamenya chungwa. Ganda moja tu, halikatiki mpaka mwisho!"

Muheza ni mji wa machungwa. Hapa sifa hiyo haitolewi ovyo, na mimi katika ndoa yetu yote sijawahi kupewa. Sikula usiku ule. Nilisema tumbo linanisumbua, lakini halikuwa tumbo hata kidogo. Ulikuwa wivu, tena ule unaochoma hapa kifuani ukalala nao na kuamka nao.

Mwanaidi anajua tumbo langu. Yeye ni fundi cherehani, ana cherehani kubwa ya umeme, yenye mota chini ya meza, na ile yake ya zamani ya kukanyaga bado iko pembeni. Jana jioni akaniambia, "Chukua mota ya cherehani yangu ujaribu. Mimi nitakanyaga kwa muda, miguu ninayo." Nikamwambia chuma hakizungushwi na mota ya kushonea magauni. Akanyamaza. Nikaenda kulala.

Basi ndoto yenyewe ndiyo hii.

Niko uani. Pametandikwa mikeka. Mwanamkasi amekaa kwenye kiti cha bibi harusi, kajifunika khanga yake ile ile, na taya zake tatu zimepakwa hina. Pembeni yake yuko somo yake, kopo la grisi, anampepea. Katikati ya mkeka kakaa mita ya umeme ya ukutani kwangu. Ameshuka ukutani na waya zake kazikunja vizuri chini ya mapaja. Ndiye mwozeshaji.

"Huyu anaozwa leo," anasema Mita, taa yake nyekundu inapepesa. "Umeme ukikatika kabla hajaozwa, atabaki meza maisha yake yote. Ndiyo kanuni."

"Na umeme unakatika saa ngapi?"

"Mimi mita, siyo mtabiri."

Nikaketi mkekani.

"Wewe, Hoza, ndiye walii wake," Mita akaendelea. "Akishapatikana mume, utatamka kwamba umemwoza. Lakini kwanza mwenyewe ataulizwa. Akinyamaza, karidhia."

Kanuni hiyo naijua. Siku ya ndoa yetu Mwanaidi aliulizwa nyuma ya pazia, akanyamaza, wazee wakaguna, mmoja akasema karidhia huyo, na pilau likapakuliwa. Nikaitikia kwa kichwa.

Wa kwanza kuingia ni mota wa fezi tatu. Mkubwa, wa kijivu, kifua kama pipa, na amekuja na farasi watatu, kwa sababu nguvu zake ni za farasi watatu na hawezi kuwaacha nyumbani. Farasi wakaenda moja kwa moja kwenye mchicha wa Mwanaidi. Mota akasimama mbele yangu akaunguruma muda mrefu, mpaka vikombe vikatembea kwenye sinia.

Mshenga wake, kijisanduku chembamba cha kugeuza umeme kiitwacho Invata, akakohoa. "Anasema hodi."

"Yote hayo ni hodi?"

"Yeye anazungumza fezi tatu tu. Nyumbani kwako kuna fezi moja. Mimi ndiye mkalimani. Bila mimi hamtaelewana kamwe."

"Muulize kama anaweza kwenda polepole."

Mota akaanza kutembea polepole kuuzunguka mkeka. Feni yake ameibeba mgongoni mwenyewe, kwa hiyo akipunguza mwendo na feni nayo inapunguza. Alipofika upande wa pili jasho linamtoka, alipomaliza mzunguko anafuka moshi.

"Atamuunguza mwanetu," akanong'ona Kopo la Grisi.

"Mnunulie feni ya pembeni," akasema Invata. "Ni kitu kidogo."

Ni kweli, ni kitu kidogo. Lakini nilishamkataa tangu alipoingia, kwa sababu nilimwona anamtazama Mwanamkasi, na Mwanamkasi, pale chini ya khanga, kama alijiweka sawa. Nikasema, "Hapana. Farasi wake wana adabu mbovu." Farasi mmoja akainua kichwa, mchicha mdomoni, akasema, "Hata sisi hatukupenda huku." Wakaondoka.

Wa pili akaingia anakimbia. Ni mota wa ile mashine ya mazoezi, watu wanakimbia juu yake bila kwenda popote. Alipokanyaga tu uani kwangu, uani ukawa stesheni ya treni, na sisi sote tuko jukwaani na mikeka yetu. Anakimbia palepale. Kinachokwenda nyuma ni stesheni.

"Unakaa wapi, mwanangu?" nikampigia kelele.

"Sikai!"

"Ukimuoa binti yangu utamzungusha polepole anapotaka polepole?"

"Nikienda polepole natetemeka!" Masizi ya kaboni zake yanamtoka puani kwa kila neno. "Lakini nina moyo! Mzee, nina moyo sana!"

Alikuwa na moyo, sikatai. Wengi wamejengea mashine zao na mota kama yeye na wanakula vizuri. Ila alipopita mbele ya Mwanamkasi upepo wake uliinua ncha ya khanga, na mimi nikahisi mtu kanikanyaga moyoni. "Wewe umezoea kukanyagwa na kila mtu asubuhi," nikamwambia. "Huwezi mke mmoja." Akasema ahsante sana, akazidisha mbio, na stesheni yote ikamfuata. Tukabaki uani.

"Wawili hao," akasema Mita. Taa yake ikazimika kidogo, ikawaka. "Fanya haraka."

Ndipo akaingia wa tatu, yule niliyemvutia kiti. Mota wa servo. Mshenga wake ni Kupaza mwenyewe, kavaa suti ya buluu, na tai yake ni ganda moja refu la chungwa. Kabeba sinia la machungwa na sufuria la pilau, kana kwamba majibu anayo tayari.

"Shikamoo, mzee," akasema Servo. Sauti yake safi, haina mtetemo.

"Marahaba."

"Hivi sasa niko robo ya mzunguko," akasema. "Sasa nusu. Sasa nusu na kidogo."

"Sikukuuliza."

"Huna haja ya kuuliza, mzee. Mimi natoa taarifa kila nukta. Nina jicho." Akageuka tukaliona, liko kisogoni, halipepesi. "Najua nilipo, na najua kila kitu kilipo. Wewe, kwa mfano, mkeo yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Ndani wapi?"

Nikageuka kuutazama mlango.

"Yuko kwenye cherehani. Anatunga uzi kwenye sindano. Mara ya kwanza umempita pembeni, sasa ameulowesha kwa ulimi. Umepita."

Lo! Uani wote ukamshangilia. Kopo la Grisi kayeyuka, amejaa kwenye mkeka. Majirani sijui wametoka wapi, wanapiga vigelegele. Kupaza ananitazama kwa upole, na hakuna kitu kinachoniudhi kama upole wa Kupaza.

Hapo wivu ukanipanda. Na ulinipanda kweli: nilimwona akitokea chini ya benchi, kiumbe kirefu chembamba, cha kijani, chenye kucha. Akaanzia vifundoni, magotini, kiunoni, akafika mgongoni akakaa, akanishika masikio mawili kama usukani.

"Mkatae," akaniambia Wivu.

"Kwa sababu gani?"

"Wewe mkatae kwanza. Sababu tutaitafuta."

Nikasimama nikasema, "Namkataa!"

"Zamu yako ya kukataa imekwisha," akasema Mita. "Umekataa wawili bila sababu za maana, nilikuwa nasoma. Sasa anaulizwa mwenyewe, mara tatu. Mwanamkasi binti Hoza, umemridhia huyu servo wa Kupaza, uvuke naye barabara, ukakae kwake?"

Mwanamkasi kimya.

"Kanyamaza," akasema Mita. "Moja."

"Ananyamaza kwa sababu hana mota!" nikapiga kelele. "Atasemaje? Hana cha kusemea!"

"Kanuni haiulizi kwa nini mtu kanyamaza."

"Kanuni gani hiyo?"

"Ile uliyoitikia kwa kichwa."

Kupaza akafunua sufuria. Harufu ya pilau ikatapakaa, na majirani wakaanza kunawa mikono. Nikaona kabisa jinsi itakavyokuwa: kila asubuhi nikifungua mlango wangu, namwona Mwanamkasi ng'ambo ya barabara, anaimba kwa mtu mwingine, anamenya chuma ganda moja, na watu wanamwambia Kupaza hongera. Miaka miwili nimempiga msasa yule. Nimempaka rangi kwa brashi ya kupakia kucha kwenye kona zilizobana. Machozi yakanitoka palepale mbele za watu.

"Umemridhia?" akauliza Mita. Kimya. "Mbili."

Nikakimbia ndani.

Ukumbi wa nyumba yangu umekuwa mkanda wa ile mashine ya mazoezi, mweusi, na unarudi nyuma. Nakimbia mbele, unanirudisha. Wivu yuko mgongoni ananihimiza, "Kushoto! Kushoto!" na kushoto ni ukuta. Nilifika chumba cha kushonea nikiwa natambaa. Mwanaidi kakaa kwenye cherehani, anapiga pindo shela la bibi harusi. Hakugeuka.

Chini ya meza yake yupo mota mdogo mweusi, kakaa kimya kama mtu anayesubiri zamu hospitali.

"Karibu, Baba Chiku," akasema.

"Siku zote uko hapa chini?"

"Unanipita kila ukienda kunywa maji."

Nikapiga magoti. "Una nguvu?"

"Za kunitosha. Siyo za kujisifia."

"Unajua kwenda polepole?"

"Kazi yangu yote ni polepole. Mguu wa Mama Chiku ukigusa kidogo tu, nakwenda mshono mmoja, nasimama. Akitaka mbio, nakwenda mbio. Sitetemeki na sifuki moshi."

"Unajua ulipo?"

"Ninalo kijicho kidogo, cha kujua sindano iko juu au chini. Kila mzunguko mara moja najua: hapa. Basi. Hayo mengine sijui."

"Na hiyo inatosha kuchonga meno ya skrubu?"

"Ukijua pa kuanzia, na usibadili mwendo njiani, inatosha."

Nilikuwa na swali moja zaidi, halikuhusu ufundi. "Mwanaidi anakupenda?"

"Ananipapasa kila asubuhi kabla hajakaa."

Wivu akanivuta masikio mpaka nikaona nyota. Mimi hanipapasi, mimi ananiuliza kama nimefunga mlango wa kuku. Lakini nje nilisikia Mita anakohoa. Nikamwambia Mwanaidi, "Namchukua huyu." Mwanaidi akanyamaza. Nikamchukua.

Nikatoka mbio, mota kwapani. Nikamfunga nyuma ya Mwanamkasi, nati nne, nakaza kwa vidole. Puli hii hapa, puli ile kule, lakini mkanda sina! Mita kishafungua mdomo. Nikatazama huku na huku, kitu cha kuunganisha hakuna, na Wivu yuko mgongoni anapiga kelele, "Wapige! Vunja kiti!" Nikaona jinsi alivyo mrefu, na alivyo mwembamba, na anavyovutika. Nikamshika shingoni nikamvua, nikamzungusha kwenye puli zote mbili, nikamfunga mkia kwa mdomo.

Akalia kidogo. Halafu akakaza, akaanza kuvuta, na akavuta vizuri sana.

"Mwanamkasi binti Hoza," akasema Mita, "kwa mara ya tatu na ya mwisho, umemridhia servo wa Kupaza?"

Khanga ikaanguka. Mhimili ukageuka polepole, ukashika mwendo, na sauti ikatoka. Ilikuwa sauti ya marehemu shangazi, nzito, ya mtu aliyefikiri kwanza.

"Sijaridhia."

Mwiko wa pilau mkononi mwa Kupaza ukasimama hewani. "Niko robo," akasema Servo. "Niko nusu. Niko..." Akageuka huku na huku. "Samahani. Niko wapi?" Kupaza akamshika bega, akampa maji. Nikamwonea huruma, jambo ambalo sikulitarajia.

Nilidhani Mwanamkasi atanishukuru. Akanigeuzia taya zake tatu.

"Baba," akasema, "ulinipenda nikiwa bubu."

"Siyo hivyo, mwanangu."

"Wale wa mwanzo wote wangenifaa. Uliwakataa ili nisizunguke na mtu."

Uani wote unanitazama, na farasi wamerudi wanachungulia juu ya ua. Nikasema, "Kweli. Niliona wivu. Nilimwonea wivu kila aliyekusogelea, na Kupaza zaidi, na mpaka sasa namwonea."

"Nashukuru kwa kusema," akajibu Kupaza kwa upole wake ule.

"Na huyu mdogo wa cherehani?" akauliza Mita. Taa yake sasa inapepesa haraka haraka. "Umemridhia?"

Mwanamkasi hakunyamaza. Alichukua chungwa kwenye sinia la Kupaza, akalishika kwa taya zake zenye hina, taratibu, lisipasuke. Kisu kikaja chenyewe. Ganda likaanza kutoka, upana mmoja, linashuka, linajikunja, linazidi kushuka, na hakuna aliyethubutu kupumua mpaka ncha yake ilipoachia. Halikukatika.

"Huyu nimemridhia," akasema. "Nasema kwa mdomo wangu, msije mkasema mlikisia."

"Walii," akasema Mita, "tamka."

Neno lenyewe ni moja. Taa ikazimika, ikawaka, ikazimika, ikawaka kwa shida. Nikamtazama binti yangu wa chuma anavyozunguka, mzuri, na hanihitaji tena kumsukuma kwa mkono.

"Nimemwoza," nikasema.

Umeme ukakatika.

Nikaamka. Kumekucha, jua liko dirishani, Mwanaidi hayuko kitandani. Nikamsikia ananiita kutoka chumba cha kushonea.

"Baba Chiku! Hebu njoo. Nani kachezea cherehani yangu?"

"Kuna nini?"

"Umeme umekatika tangu usiku, mpaka sasa haujarudi. Sasa mbona hii mota ina joto? Shika."

Nikashika. Ina joto la mtu aliyetoka kucheza ngoma.

"Na hili nani kaning'iniza hapa?"

Kwenye puli ya cherehani limening'inia ganda la chungwa, moja, refu, linagusa sakafu. Nilikwenda kuchukua rula. Nikalipima mwanzo, katikati, mwisho. Upana ni ule ule. Hata mashine ya Kupaza haijafika hapo, nikawaza, nikafurahi kuliko inavyofaa mtu mzima.

Mwanaidi kashakaa kwenye kiti chake, anatunga uzi kwenye sindano. Mara ya kwanza ukampita pembeni. Akaulowesha kwa ulimi, ukapita. Spana nilikuwa nayo mkononi tayari, sijui niliichukua saa ngapi.

"Mama Chiku," nikasema. "Ile mota uliyoniambia jana. Bado unanipa?"

Akanyamaza.

Nati ni nne tu, nazijua. Ningepiga magoti pale chini nikaanza kufungua, na asingesema kitu, angehamia kwenye ile ya kukanyaga kama alivyosema. Nikaweka spana mezani. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikamsubiri.

Akashona pindo lote la mguu mmoja wa suruali kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Akakata uzi kwa meno. Akaniangalia kama mgeni aliyekuja bila taarifa.

"Hujaenda?"

"Hujanijibu."

Akacheka kidogo, akaitazama mota, akaipapasa.

"Haya, nakupa," akasema. "Lakini chungwa la kwanza Mwanamkasi animenyee mimi."